Mafuta ya Mguu wa Kushoto

Kama hujawahi kunusa mafuta yaliyozeeka ndani ya foku za pikipiki, shukuru Mungu. Yananuka kama dagaa wa omena waliosahaulika ndani ya mfuko wa nailoni, wakachanganyika na kutu. Mwezi uliopita kijana wa bodaboda alinishusha mbele ya lango langu, nikaona miguu ya mbele ya pikipiki yake imelowa, na tone moja likaniangukia kwenye kiatu. Nilisimama pale na funguo mkononi hadi yule kijana akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa hata kidogo. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka kumi, nimesimama kando ya barabara ya Iten na kibendera cha karatasi.

Baba alikuwa fundi wa pikipiki Kimumu, pembeni mwa Eldoret, siku zile ambapo kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na mahindi. Alikuja Eldoret kutoka Bungoma akiwa kijana, akafanya vibarua vya kila namna, mwishowe akajenga banda la mabati mbele ya nyumba yetu na kuning'iniza tairi kuukuu mlangoni. Injini alizitengeneza, lakini kilichomletea watu kutoka Kesses na Plateau ni foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Kila mguu ni bomba ndani ya bomba, na ndani yake kuna springi na mafuta. Springi hubeba uzito, na mafuta huituliza isiruke ovyo. Mafuta yakivuja, au yakitofautiana mguu huu na ule, pikipiki hujikunja mbele unapofunga breki, na kwenye shimo inaweza kukutupa. Baba alirudia jambo hilo hadi likanichosha: mguu huu ukipata hivi, na ule upate hivyohivyo, mafuta yaleyale, kipimo kilekile.

Sasa niwaambie siri ambayo wakati ule tuliijua watu watatu tu, baba, mama na mimi. Baba alikuwa haoni vizuri. Alichomelea vyuma miaka mingi bila miwani ya giza, na macho yakaanza kuingia ukungu. Uso wako aliuona kama uko nyuma ya pazia. Maandishi hakuyaona kabisa. Na nani angempelekea pikipiki fundi asiyeona? Basi macho yake yakawa mimi, Nekesa, kifungua mimba wake, na kazi hiyo niliipenda kuliko shule. Alipotaka kujua kama bomba limepinda, aliliviringisha juu ya kioo cha dirisha nami nikachungulia kama mwanga unapita chini yake. Mikwaruzo sikumwonyesha mimi. Vidole vyake viliipata hata ile ambayo macho yangu mazima hayakuiona.

Mafuta tuliyapima kwa chupa ya maziwa ya mdogo wangu, ile yenye mistari na namba ubavuni. Mimi niliishika, baba akamimina, na mafuta yalipofika kwenye mstari niligonga chupa kwa ukucha, mara moja tu. Baba akaacha kumimina palepale. Wateja walidhani ni utundu wa mtoto asiyeweza kutuliza mikono.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya aina mbili, tukiyanunua kwa Mama Halima, mama Msomali aliyekuwa na duka la vipuri na mapipa ya mafuta kule mjini. Namba kumi yalikuwa mepesi, ya foku. Namba arubaini yalikuwa mazito, ya injini. Tuliyaweka kwenye mikebe miwili ya mafuta ya kupikia iliyolingana kwa kila kitu, na mimi ndiye niliyeiandika kwa rangi nyeupe. Niliandika kwenye vifuniko. Kifuniko ni bapa, mwandiko unakaa vizuri, na nilitaka watu wauone mwandiko wangu. Hakuna aliyewaza kwamba kifuniko hutoka.

Ilipotangazwa kwamba mkubwa wa nchi atapita kwetu akitoka Iten kwenda mjini, kila kitu kilianza kupakwa chokaa, hata mawe. Ilikuwa miaka michache baada ya lile jaribio la kupindua serikali, na watu wazima walikuwa wamejifunza kuongea huku wakiangalia nyuma. Jirani yetu mmoja, dereva wa lori la mahindi, aliharibikiwa na lori barabarani siku ambayo msafara kama huo ulikuwa unapita. Walimchukua wamuulize ni nani aliyemtuma. Alirudi baada ya wiki mbili, na tangu hapo hakuwahi kusimama tena langoni kupiga gumzo na baba. Tulimsalimia, akaitikia, akaingia ndani.

Siku moja kabla ya ziara, alasiri, pikipiki kubwa ya polisi ikaingia uani. Aliyeiendesha aliitwa Sajini Rotich, mtu mrefu mwenye glavu za ngozi zilizofika karibu na viwiko. Alikuwa mmoja wa wanne ambao wangetangulia msafara. Sili za foku zake, zile pete za mpira zinazozuia mafuta, zilikuwa zimekufa, mafuta yametiririka hadi kwenye breki, na mtu alimwambia kwamba sili za saizi ile atazipata kwa baba peke yake.

"Mzee, hii kitu iishe leo," alisema, akaketi kwenye stuli yetu na bunduki yake ndogo kiunoni. "Kesho saa mbili niko barabarani."

Mikono ya baba haikusita. Alitoa gurudumu, akachomoa miguu yote miwili, akamwaga yale mafuta machafu, akaosha kila kitu kwa petroli. Aliviringisha mabomba juu ya kioo nami nikachungulia, nikijifanya naokota kitu. Alizipaka sili mpya mafuta na kuziingiza kwa kuzigonga polepole na kipande cha bomba. Sajini alituangalia muda wote. Sijui kama mnaelewa jinsi inavyokuwa kufanya kazi ya siri mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kutazama.

Mguu wa kulia ulijazwa vizuri. Mkebe wa namba kumi, chupa, ukucha. Hapo Sajini akasema injini nayo iongezewe mafuta kidogo. Nikafungua mkebe wa namba arubaini, baba akaongeza, nami nikafunika mikebe yote miwili haraka, kwa sababu Sajini alikuwa ameniuliza niko darasa la ngapi na nilikuwa nageuka kumjibu. Kisha baba akaomba namba kumi kwa ajili ya mguu wa kushoto, nikamletea mkebe wenye kifuniko cha kumi.

Siku nyingine baba angechovya kidole na kuyasugua mafuta kati ya kidole gumba na kidole cha shahada kabla ya kumimina. Siku hiyo Sajini alikuwa amesimama akiangalia saa. "Mzee, harakisha," akasema, na baba akamimina moja kwa moja. Mikebe ilikuwa imeshinda juani, hata mazito yalikuwa yamelegea. Nikagonga kwa ukucha. Baba akaufunga mguu, akaiunganisha tena pikipiki, akaikandamiza mara tatu ikainuka vizuri, na Sajini akaondoka.

Asubuhi baba aliamshwa alfajiri na mjumbe wa chifu aende na wanaume wengine kufyeka nyasi za kando ya barabara. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni akaenda kwa kikundi cha akina mama watakaoimba. Mimi niliachiwa mlango nifunge. Nilitaka viatu vyangu ving'ae kupita vya kila mtu, kwa hiyo niliingia bandani nikafungua mkebe wa namba kumi ili nichovye kitambaa. Eldoret ya saa kumi na mbili asubuhi mnaijua baridi yake. Kitambaa kilitoka na kitu kizito kama asali.

Nilifungua mkebe wa pili. Mafuta yake yalikuwa mepesi kama maji.

Nilijua papo hapo. Wengine huhitaji kuwaza, mimi sikuhitaji. Uliokuwa mkebe wa kumi sasa ulikuwa na kifuniko cha arubaini, na mguu wa kushoto wa pikipiki ya Sajini Rotich ulikuwa umejazwa mafuta ya injini. Juani hakuna aliyeona tofauti. Kwenye baridi ile, mguu mmoja ungekuwa laini na mwingine umekaza, na yeye angekuwa akikimbia mbele ya magari ya serikali. Akianguka, wataifungua ile foku. Wakiifungua watauliza ni nani aliyeitengeneza, na wataona kwamba mguu mmoja una mafuta haya na mwingine yale. Nani angeamini ni vifuniko?

Nililia kidogo, kisha nikafunga mlango na kwenda shule, kwa sababu mtoto wa darasa la tano akichanganyikiwa hufanya kile alichoambiwa. Saa moja tulikuwa tumepangwa kando ya barabara, mstari mrefu wa sare za bluu, kila mmoja na kibendera chake. Mwalimu wa zamu alipita mbele na nyuma na kiboko, akitufundisha kupunga na kuimba kwa pamoja. Na pale njia panda, hatua chache tu kutoka pale darasa letu liliposimama, pikipiki nne zilikuwa zimeegeshwa, na ya tatu ndiyo ile.

Sajini Rotich alikuwa anaongea na wenzake. Nilimwangalia hadi macho yakaniuma. Nilimwomba Mungu aikandamize ile pikipiki mwenyewe, aone. Hakuikandamiza. Nikajiambia nikimwambia atauliza mbona baba hakuyaona mafuta, na siri yetu itatoka, na banda litafungwa. Nikajiambia nisipomwambia ataanguka. Nikajiambia labda hataanguka. Niliizungusha hesabu hiyo kichwani mpaka wimbo ukanipita, nikafumbua mdomo bila sauti. Kibendera changu kilikuwa kimelowa jasho la mkono na wino umeanza kunitia rangi vidoleni.

Kisha redio ya polisi mmoja ikakoroma kwamba msafara unajitayarisha kutoka Iten. Sajini akavaa glavu.

Sikuamua. Miguu ndiyo iliyoamua. Nilitoka kwenye mstari, nikasikia mwalimu akiniita kwa jina, nikaendelea kutembea.

"Afande, usiendeshe hiyo pikipiki."

Aliinama. "Unasema nini wewe?"

"Mguu wa left iko na mafuta ya injini. Ni mimi nilichanganya vifuniko. Baba hajui."

"Babako hakuona?"

Lilikuwa swali lilelile nililoliogopa. "Baba alikuwa anakusikiliza wewe, Afande," nikasema, na sijui nililitoa wapi jibu hilo.

Alishika usukani akaikandamiza pikipiki kwa uzito wake wote. Ilishuka kama kawaida. Ilipoinuka, ilijivuta, gurudumu likielekea upande mmoja. Alifanya hivyo mara ya pili, polepole, akaangalia kama wenzake wanaona. Walikuwa wanawasha injini zao.

"Nimesahau kitu, narudi sasa hivi," akawaambia. Halafu akaniambia mimi, "Panda."

Nilipita mbele ya shule nzima nyuma ya polisi. Mwalimu wa zamu alibaki na kiboko hewani. Baadaye niliambiwa kwamba rafiki yangu wa dawati moja alianza kulia akisema Nekesa amekamatwa, na mimi mwenyewe niliamini hivyo.

Baba alikuwa amerudi kutoka kufyeka, anavaa shati jeupe la kwenda kusimama barabarani. Alisikia injini, akajua ni pikipiki gani. Kisha akasikia sauti yangu ikisema "Baba," na vidole vyake vikaacha vifungo.

Sajini alimweleza kwa maneno machache. Baba alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Afande, makosa ni yangu. Mtoto muache."

"Makosa tutaongea baadaye. Fungua."

Baba alipiga magoti na lile shati jeupe. Alilegeza skrubu ya chini ya mguu wa kushoto, mafuta yakaanza kutoka kwa kusitasita, akayapokea kwa kidole na kuyasugua. "Arubaini," akasema kwa sauti ndogo. Tuliinua mbele ya pikipiki juu ya kreti, akafungua kifuniko cha juu, akasuuza ndani kwa mafuta mepesi, yakatoka, akasuuza tena. Sasa alikuwa anachovya kidole kila mara. Kisha akaishika ile chupa ya mtoto akaisogeza upande wangu, kama tulivyozoea.

"Wewe kaa nyuma," Sajini akasema, akaichukua chupa yeye.

Nilikaa nyuma. Baba aliinua mkebe akaanza kumimina. Mafuta yakapanda, hamsini, mia. Niliyaona kutoka pale nilipokuwa. Yakafika mia moja na hamsini, kipimo cha pikipiki ile, na baba akaendelea kumimina, kichwa kimeinama kidogo, akingoja ukucha. Sajini aliiangalia chupa. Akamwangalia baba. Akayaangalia macho ya baba, yaliyokuwa yameelekea mahali pasipo na kitu. Nikanyoosha mkono nikagonga kifuniko cha mkebe, kilichokuwa chini kando yangu, kwa ukucha, mara moja.

Baba akaacha kumimina palepale.

Sasa Sajini alijua. Nilimwona akijua. Mkono wake ulibaki na chupa hewani kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko asubuhi yote, na mimi niliangalia kiuno chake, pale penye pingu. Kisha akaiinamisha chupa, akarudisha kiasi kidogo kwenye mkebe, akaileta karibu na uso wake.

"Mia moja hamsini," akasema kwa sauti kubwa, kana kwamba yuko gwarideni. "Mimina."

Baba akaipokea, akapapasa mdomo wa bomba kwa kidole, akamimina bila kumwaga hata tone. Akafunga. Wakaikandamiza pamoja, mara tatu, mara nne, ikainuka sawasawa. Sajini akavaa glavu, akaondoka.

Baba hakwenda barabarani. Aliketi kwenye stuli, mimi nikasimama kando yake. Mbele ya uwanja wetu barabara ya Iten ilikuwa na kalvati la maji lililodidimia, na kila kilichopita pale kilipiga kishindo. Ving'ora vilisikika kwa mbali, vikakaribia. Baba aliinua kidole. Pikipiki ya kwanza ikapita kwenye kalvati. Ya pili. Ya tatu ilipofika alinishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia. Ilishuka, ikapanda, ikaenda. Baada yake yakapita magari mengi, na nyimbo, na kelele za watoto wenzangu wakipunga. Baba alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, na niliona aibu kwa ajili yake, kwa hiyo nikaenda kufunika mikebe.

Wiki nzima tulingoja kuchukuliwa. Siku ya nane Sajini alikuja, akiburuta pikipiki ya mwenzake inayovuja. Aliketi kwenye stuli. Lakini muda wa mafuta ulipofika alisimama, akaishika chupa kabla yangu, na baba alipomimina akaanza kusoma kila mstari: hamsini, sabini na tano, mia. Alikuja tena mwezi uliofuata, na mwingine. Muda si mrefu pikipiki zote za polisi pale Eldoret zilipitia kwetu, yeye akiwa juu ya stuli, akisoma namba kama mtoto wa nasari. Sili ilipotoka kwenye karatasi yake aliisoma saizi. Bomba lilipokuwa kwenye kioo alisema, "Eh, hapa mwanga hakuna, imenyooka."

Nilimchukia. Niliona ameninyang'anya kazi yangu. Zaidi ya hapo, niliamini anamchunga baba asihujumu mali ya serikali, ndiyo maana anapima mwenyewe. Nikamwambia mama kwamba yule mtu hatuamini. Mama alikuwa anakuna nazi ya chakula cha wageni siku hiyo, hakuinua kichwa. "Hebu muache," akasema.

Nilikuwa mtu mzima, nimeajiriwa kuuza dawa kwenye duka la dawa mjini, ndipo nilipoelewa. Mzee mmoja alikuja na cheti chake, nikampa pakiti. Aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akasema miwani ameisahau nyumbani. Niliona aibu yake. Nikaichukua ile pakiti nikajifanya naikagua, nikaanza kuisoma kwa sauti kana kwamba najisomea mwenyewe: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Nilipofika hapo nikaishusha pakiti, nikaketi. Mzee akaniuliza kama mimi ni mgonjwa.

Sajini Rotich alikuwa ameona kila kitu siku ile. Alijua kwamba pikipiki ya msafara ilitengenezwa na mtu asiyeona na msichana wa darasa la tano, na akanyamaza. Miaka ile, polisi aliyenyamazia jambo kama hilo angechukuliwa kabla ya fundi. Sisi tulimwogopa yeye, na hatukuwahi kuwaza kwamba yeye naye alikuwa na watu wa kuwaogopa. Angeweza kumtafuta fundi mwingine, asitukaribie tena maisha yake yote, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikuja kuketi kwenye stuli yetu na kumwazima baba macho, kwa namna ambayo baba hakulazimika kuomba wala kushukuru.

Alihamishwa kwenda kaskazini nikiwa darasa la saba. Alipita kutuaga akiwa amevaa nguo za kiraia, bila glavu. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono yake ikiwa haina glavu wala chupa. Aliagana na baba kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi akaninyooshea mkono, akasema, "Nekesa, sasa kazi ni yako tena."

Nikaificha mikono yangu nyuma. Nikamwambia ina mafuta. Aliitikia kwa kichwa, akarudisha mkono wake mfukoni, akaenda. Nilikuwa nimetoka kunawa.